Shuka la Adhuhuri

Kila siku kabla ya adhuhuri nilikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyenituma. Chini ya meza yangu ya pasi nilihifadhi shuka moja kuukuu. Wodi ya wanaume ililitupa kwa sababu ya tundu, nami nililishona kiraka. Nililinyoosha kwa pasi ya mvuke mpaka likalainika, nikalikunja, nikaliweka juu ya mashine ya kukaushia iliyo karibu na chumba cha boila. Kisha nilirudi kwenye foronya za hospitali kama mtu ambaye hajafanya lolote.

Baada ya muda mlango wa boila ungefunguka. Fundi angetoka, angenawa kwenye bomba la kusuuzia, mikono, uso na miguu, bila haraka, kama mtu anayemnawisha mtoto. Angelichukua shuka likiwa bado na joto, angeingia nalo ndani na kurudisha mlango. Sakafu ya mle ilikuwa nyeusi kwa mafuta na masizi, na yeye hakutaka kuweka paji la uso juu ya masizi. Alipomaliza kusali alilirudisha mahali pale pale, limekunjwa vizuri kuliko nilivyolikunja mimi.

Hatukuwahi kuliongelea. Tulianza kupendana hivyo, kwa shuka, kabla hatujaambiana hata habari za asubuhi za maana.

Siku hiyo nilirudi kutoka kula na kulikuta shuka bado liko pale.

Nililigusa. Lilikuwa limepoa.

"Amesahau kwenda kwa Mungu leo?" aliuliza Mama Kunja. Hilo si jina lake, ila amekunja mashuka ya hospitali hii tangu mimi sijazaliwa, na hata jina lake la kweli nadhani amelikunja akaliweka mahali. Yeye hana kanisa wala msikiti. Kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine humwambia marehemu mama yake, kwa sauti, "Mama, tumeanza," na jioni, "Mama, tumemaliza." Basi. Hiyo ndiyo dini yake, na sijawahi kumwona akikosa.

"Labda ana kazi," nikasema.

"Kazi gani? Boila inaimba kama kawaida. Huyo mwanamume ana jambo."

Mlango ukafunguka. Fundi alitoka akiwa na tabasamu la mtu aliyebeba zawadi mgongoni. Hakwenda bombani. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye meza yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu.

"Bi Kimya," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu siongei sana. "Nina habari."

"Shuka lako liko pale," nikasema.

"Silihitaji leo." Alishusha sauti. "Jana jioni nilikwenda kwa baba yako."

Pasi ilikuwa mkononi mwangu. Naikumbuka ilivyokuwa nzito.

"Ulikwenda nyumbani? Bila kuniambia?"

"Nilitaka nikwambie likishakuwa. Nimemwambia nimekubali. Nitabatizwa. Amenikumbatia, unajua? Baba yako! Yule mzee ambaye hata salamu yangu alikuwa anaipokea kama risiti. Amenikumbatia mpaka miwani yake ikaanguka."

Alicheka. Nilijua kwamba hapo ndipo na mimi nilitakiwa kucheka, au kulia, au kuangusha kitu. Wiki tatu nzima nilikuwa silali kwa ajili ya jambo hili. Baba yangu ni mzee wa kanisa, na alikuwa amesema neno lake: "Sina ugomvi na kijana. Ni mtu mwenye adabu. Lakini nyumba yenye milango miwili huibiwa. Abatizwe, au basi." Mimi nilikuwa nimelibeba neno hilo mpaka kazini na kumkabidhi Fundi kama lilivyo, pale kati ya mashine mbili za kukaushia zinazonguruma. Sikuongeza la kwangu. Nilisema tu, "Baba anasema mpaka ubatizwe," nikainamisha kichwa.

Sasa jibu lilikuwa limekuja, na lilikuwa ndiyo.

"Mbona husemi kitu?"

"Nimefurahi," nikasema.

"Sura yako haijaambiwa."

"Nimeshtuka tu."

"Mungu ni mmoja," akasema kwa upole, kama anayenieleza jinsi koki inavyofunguliwa. "Milango ndiyo mingi. Mimi nimehamia mlango wa kwenu, basi. Yeye ananijua. Hatanipoteza."

"Na mama yako?"

Hapo tabasamu lake lilisimama kidogo, kama mashine inapokosa umeme kwa nukta moja kisha ikaendelea.

"Nimemwambia. Hakupiga kelele. Alikuwa anatungia uzi sindano, unajua macho yake yalivyo sasa, akaendelea kulitafuta lile tundu. Kisha akauliza kitu kimoja tu."

"Nini?"

"'Nani atanisomea?' Huwa namsomea Kurani jioni. Nikamwambia, Mama, nitaendelea kukusomea, sauti ni ile ile. Akasema sawa."

"Akasema sawa."

"Akasema sawa."

Mama Kunja alipiga kelele kutoka upande wa pili: "Wewe binti! Unachoma nini?"

Nikatazama chini. Pasi ilikuwa imetua juu ya ukingo wa foronya, na kidole changu kilikuwa kati. Nilisikia harufu kwanza. Maumivu nilikuwa nayangoja, lakini hayakuja. Fundi alinivuta mkono akaupeleka bombani, akafungua maji yakatiririka, huku akinipulizia kidole na kusema pole, pole mpenzi, pole. Nilimtazama anavyohangaika. Nilitazama paji lake la uso, pale katikati, ngozi ilipokuwa nyeusi kidogo na ngumu kwa miaka ya kusujudu. Nikawaza: hilo litapotea. Baada ya muda ngozi italainika na hakuna atakayejua.

"Inauma?" akauliza.

"Hapana," nikasema, na ulikuwa ukweli.

Fundi alipoondoka, Mama Kunja alinisogelea na mafuta ya kupaka.

"Nimesikia," akasema. "Masikio yangu yamezeeka lakini hayajastaafu. Hongera. Si kila mwanamume anaweza kubadilisha dini kwa ajili ya mwanamke. Wa kwangu dini hakubadilisha. Alibadilisha mke."

Nilijaribu kucheka. Alinipaka mafuta, akanitazama usoni, kisha akalichukua lile shuka lililopoa.

"Hili sasa nilifanye nini? Likatwe matambara?"

"Liache tu," nikasema.

Alilikunja upya, ingawa lilikuwa limekunjwa tayari.

*

Jumamosi alasiri Fundi alikuja nyumbani rasmi, mchana kweupe, akiwa amevaa shati jeupe na viatu vyeusi vya kamba ambavyo sikuwahi kumwona navyo. Mama alikuwa amefua mapazia. Mapazia yetu hufuliwa kwa ajili ya mchungaji na kwa ajili ya misiba, kwa hiyo nilielewa amepewa cheo gani.

Mlangoni alisimama akainama.

"Ingia na viatu, baba, ingia," Mama akamwambia huku akicheka. "Hapa si msikitini."

Hakusema kwa ubaya. Mama yangu hana ubaya hata wa kuazima. Fundi naye akacheka, akaingia, lakini alikanyaga zulia kwa ncha za viatu kama mtu anayevuka wodi wagonjwa wamelala.

Baba alikuwa kwenye kiti chake. Alimwita "mwanangu". Mimi nilikuwa jikoni nikipanga vikombe, nikalisikia hilo neno likipita ukutani. Mwanangu. Mwezi uliopita alikuwa "yule fundi wenu wa boila".

"Umeongea na mchungaji?" Baba alikuwa anauliza.

"Ndiyo, mzee. Jana. Amenipa mafundisho ya kusoma. Ubatizo ni Jumapili ijayo."

"Jumapili ijayo! Mapema hivyo?"

"Amesema nimeshika haraka."

"Mungu ni mwema." Baba yangu ni mtu wa haki, hata haki inapompunguzia raha. Akauliza, "Nikuulize jambo moja, mwanangu, na unijibu kama mwanamume. Umeamini?"

Nilisimama mlangoni na sinia mkononi. Vikombe havikutetemeka. Nilivitazama, nikashangaa mikono yangu ilivyotulia. Hapa ndipo, niliwaza. Sasa atasema. Atasema, mzee, mimi nina imani yangu, nampenda binti yako, niozeshe hivi nilivyo. Na mimi nitaweka sinia mezani, na kwa mara ya kwanza katika nyumba hii nitafungua mdomo wangu.

Nilikuwa nimeyaandaa hata maneno. Yalikuwa mafupi. Nilikuwa nayangojea tu yake yatangulie.

"Nimekubali, mzee," akasema Fundi.

Baba alimtazama. Nadhani naye alilisikia lile pengo dogo kati ya swali na jibu. Lakini mtu akiwa na njaa sana hachambui mawe.

"Kukubali ni mwanzo," akasema mwishowe. "Imani humea. Haya, tuombee chai."

Fundi akasimama. Na hapo, kabla hajafumba macho, aliinama. Mkono wake ulishuka mpaka kwenye kamba za viatu. Alishafungua fundo la kiatu cha kulia alipokumbuka alipo. Alibaki ameinama hivyo, mtu mzima na mabega yake, kisha akaifunga tena kamba polepole, akasimama wima.

Baba alikuwa amefumba macho tayari. Mama alikuwa amefumba. Niliyeona ni mimi peke yangu.

Aliomba vizuri. Kila neno lilikuwa mahali pake, Baba yetu wa mbinguni, na asante, na utubariki, na kwa jina la mwanao. Aliomba kuliko mimi ninavyoweza, kwa sauti safi kama ya mtu anayesoma maelekezo ya mashine mpya. Mama alikuwa anapangusa machozi kwa ncha ya kitenge. Baba alisema amina nzito, ya kuweka msingi.

Na mimi nilikuwa namsikia mtu mwingine. Nilikuwa nasikia kimya cha nyuma ya mlango wa boila, adhuhuri baada ya adhuhuri, kimya ambacho hata Mama Kunja alipunguza sauti kwa ajili yake bila kujua. Kabla ya kimya kile mimi nilikuwa mtu wa kanisani kwa kuzaliwa. Niliimba, nilipiga magoti, niliinuka, huku nawaza nguo nitakayovaa kesho. Ni kwa kumngoja yeye amalize ndipo nilipoanza, pale mezani kwangu, na pasi mkononi, kusema maneno yangu mwenyewe kwa Mungu wangu mwenyewe. Yeye hakujua. Aliingia kusali kwake, na mimi nikajifunza kusali kwangu.

"Mwanangu," Baba akaniita, "mbona umesimama kama nguzo? Hufurahi?"

"Nimefurahi, Baba."

"Basi mimina chai."

Nikamimina chai.

"Huyu mtoto," Mama akamwambia Fundi, "akifurahi yuko hivyo, akihuzunika yuko hivyo. Utazoea. Siku moja paa liliezuliwa na upepo, akasema, 'Mama, kuna mwanga.'"

Wote wakacheka. Fundi alicheka huku akinitazama juu ya kikombe, akinitafuta. Nilimwona ananitafuta. Nilimtazama pia, lakini ilikuwa kama kumtazama mtu kupitia kioo cha mashine ya kufulia, mbele yako kabisa, na sauti haifiki.

*

Nilimsindikiza mpaka getini. Baba alituruhusu kwa kichwa, jambo jipya pia.

"Umeona?" Fundi akasema. "Imekwisha. Ile vita yote, imekwisha kwa kikombe cha chai."

"Uliinama," nikasema.

"Niliinama nini?"

"Kufungua kamba za viatu. Kabla ya kuomba."

Alitazama chini kwenye viatu vyake kama vimemsaliti.

"Mazoea tu."

"Na Jumapili je, mbele ya kanisa zima?"

"Nitavaa viatu visivyo na kamba." Akacheka. Alipoona sicheki akaacha. "Kimya, una nini? Toka juzi nakuona. Nakupa kile ulichoomba, na wewe unanitazama kama muuguzi anayengoja mgonjwa akate roho."

Ulichoomba. Neno hilo lilipita, nikaliona likipita, nikashindwa kulishika.

"Umeamini?" nikamuuliza, kama Baba.

Alinishika mkono, ule wenye kidole kilichoungua.

"Nimekuamini wewe," akasema. "Inatosha."

Najua kuna wasichana ambao wangekufa kwa kuambiwa maneno hayo. Najua kwamba mwezi mmoja nyuma na mimi ningekufa. Alingoja, na macho yake yalikuwa mazuri sana, yenye uchovu, na nyuma ya uchovu kulikuwa na kitu kilichozimwa. Nilijua sasa mahali pengine nilipokiona kile kitu. Nilikiona kwenye kioo asubuhi ile.

"Nenda," nikasema. "Mama yako anangoja umsomee."

"Leo nimemwambia nitachelewa."

"Nenda tu."

Akaenda. Mtaani alipita mbele ya fundi cherehani, mbele ya duka la dawa, akakata kona. Hakugeuka. Nilirudi ndani nikaosha vikombe. Mama alikuwa anaimba. Alikuwa anapanga, kwa sauti, nani atakaa wapi.

Usiku kabla ya kulala nilipiga magoti kama kawaida. Sikupata la kusema. Nilibaki hapo mpaka miguu ikafa ganzi, na ganzi ile ilikuwa sawasawa na mwili wote, nikashindwa kujua imeanzia wapi.

*

Jumatatu mapema Mama Kunja alimwambia mama yake kwamba tumeanza, akawasha mashine, akaleta furushi la matambara kwa ajili ya kusafishia mafuta. Juu ya furushi kulikuwa na shuka lenye kiraka. Mkasi ulikuwa mkononi mwake.

"Hili umesema niliache," akasema. "Nimeliacha tangu Alhamisi. Boila inahitaji matambara. Nikate?"

Alikuwa ameshaupanua mkasi. Kitambaa kilikuwa kati ya makali mawili ya mkasi. Nikaona kiraka changu, mishono yangu ya uzi mweupe, mibaya, ya haraka, niliyoishona siku niliyokuwa bado sijui hata kama atalikubali.

"Usikate!" nikasema.

Sauti ilikuwa kubwa. Msichana wa kusuuza aligeuka. Mama Kunja akashusha mkasi polepole.

"Alaa," akasema. "Kumbe mna sauti humo ndani."

Nilimnyang'anya shuka. Nililitandaza mezani nikalipiga pasi, mbele na nyuma, pembe kwa pembe, mvuke ukanipanda usoni. Kidole kiliuma. Kiliuma kweli, kwa mara ya kwanza tangu kiungue, kwa maumivu yale yanayopanda mpaka kwenye kiwiko. Niliyaacha yaume.

"Adhuhuri bado," Mama Kunja akaniambia.

"Najua."

"Basi nenda kabla hujapoa wewe."

Sijawahi kuingia chumba cha boila. Hakuna aliyenikataza. Ni haya tu. Nilisukuma mlango kwa bega. Joto lilinipokea kama mkono. Boila ilikuwa kubwa kuliko nilivyofikiri, imezungukwa na mabomba yaliyofungwa vitambaa kama miguu iliyovunjika, na mshale wa geji ulikuwa unatetemeka mahali pamoja. Fundi alikuwa amechuchumaa na spana mkononi. Aliponiona akasimama haraka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Kuna nini? Mvuke umepungua?"

Nilikuwa natazama sakafu.

Sakafu yote ilikuwa nyeusi, nyeusi ya miaka, isipokuwa mahali pamoja kati ya boila na ukuta. Hapo saruji ilikuwa kijivu, safi, imenyooka pembe nne kama imepimwa kwa rula. Ilikuwa imekaa upande, hailingani na ukuta wala na boila, imeelekea inakoelekea yenyewe. Ilikuwa na ukubwa wa shuka langu likikunjuliwa mara moja. Masizi yalikuwa yameanza kuingia pembeni. Siku chache zilitosha.

Nililikunjua shuka nikalitandaza pale. Lilienea bila kuzidi wala kupungua.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Natandika."

"Kimya, nilishakwambia..."

"Usinikatize. Nikikatizwa sitaweza tena."

Boila ilikuwa inapumua. Nilisimama upande mmoja wa shuka na yeye upande mwingine, na buti zake za kazi zilisimama ukingoni, hazikulikanyaga.

"Siku ile nilikuletea maneno ya Baba," nikasema. "Uliyasikia?"

"Niliyasikia. 'Mpaka ubatizwe.'"

"Hayo yalikuwa ya Baba. Yangu uliyasikia?"

"Hukusema yako. Uliinamisha kichwa. Nikajua ndiyo unachotaka, unaona haya kuniomba." Alinitazama. "Nikaenda. Ningefanya nini? Niliona kichwa kilichoinama, nikaenda."

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Wewe."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, spana bado mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile tabasamu halikuwepo mahali popote usoni mwake. Alionekana mzee. Alionekana yeye.

"Unajua jana nilimsomea mama?" akasema. "Nilisoma vizuri tu. Katikati akaninyamazisha. Akaniambia, 'Acha, baba. Unanisomea kama redio.'" Alisugua paji lake la uso kwa kiganja. "Nikasema nimechoka na kazi. Na nilipomwombea baba yako chai, nilijisikia hivyo hivyo. Redio. Huku redio, na kule redio. Sijasali tangu Jumatano, Kimya. Si sala ya kwenu, si ya kwetu. Nadhani nitazoea. Watu huzoea."

"Na mimi sijasali."

"Wewe kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nasali wewe ukiwa humu."

Alinyanyua macho. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Nilihisi damu ikipanda shingoni, haya zangu zote za miaka yote, lakini zilikuja na joto, na nilikuwa nimekosa joto siku nyingi.

"Ulisema umeniamini mimi," nikasema. "Mimi si wa kuaminiwa hivyo. Nachoma foronya. Nanyamaza panapotakiwa sauti. Na Mungu unayetaka kumwambia uongo Jumapili, mbele ya kanisa lote, ni wangu. Namjua. Nitakaa kiti cha mbele nikimtazama akidanganywa kwa ajili yangu."

"Sasa ulitaka nini?" Alisimama, na sauti yake ilipasuka, si kwa hasira. "Niambie basi! Mimi ni fundi, siwezi kusoma kichwa kilichoinama. Ulitaka nini?"

"Nilitaka ukatae."

Spana ilishuka kando ya mguu wake.

"Ningekataa, ningekukosa."

"Ungekataa, ningeweka sinia chini nikasimama upande wako. Nilikuwa nimeyaandaa maneno. Nilikuwa mlangoni nayo, nangoja yako yatangulie, na yako yakawa mengine, na yangu nikayamimina kwenye vikombe."

Nje ya mlango nilisikia toroli la Mama Kunja likisimama. Halikuendelea.

"Na sasa?" Fundi akauliza, taratibu sana. "Mapazia yamefuliwa. Mchungaji ameandaliwa. Baba yako ananiita mwanangu. Ukimvunja moyo leo, huenda asiniite chochote tena. Huenda hata wewe asikuite."

Nilimwona Baba kwenye kiti chake, na miwani yake iliyoanguka kwa furaha. Niliogopa. Niliogopa kweli, na hofu ile ilikuwa kama damu inayorudi kwenye mguu uliokufa ganzi, inachoma kila mahali kwa wakati mmoja.

"Leo jioni nitamwambia," nikasema. "Mimi mwenyewe, mbele ya Mama, na sitangoja mtu atangulie. Nitamwambia nitaendelea kwenda kanisani kwangu, na wewe utakwenda kwako, na kwamba simtaki mwanamume aliyejifunza kuomba kwa ajili ya chai yake." Nikavuta pumzi. Shuka lilikuwa kati yetu, jeupe, bado lina joto. "Nitamwambia, Baba, mimi namtaka yule anayevua viatu."